Deni Lisiloandikwa: Nani Amelipia Shahada ya Sosholojia Makerere, 1950 hadi 2025

Kila ninaporudi nyumbani likizo, mjomba wangu huniuliza swali lilelile. Ni fundi wa baiskeli na mtu wa hesabu. Huuliza akiwa ameinamia gurudumu, hata hanitazami: "Ukimaliza hiyo sosholojia, mwanangu, watakulipa nini?" Haniulizi nitajua nini wala nitafanya nini. Binamu yangu anayesomea uuguzi hajawahi kuulizwa swali hilo.

Kwa muda mrefu nililichukulia kama dharau. Siku hizi naona ni swali zuri, ila limekatwa nusu. Mshahara ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni deni, na katika nchi yetu upande huo una historia ambayo sisi wanafunzi wa sosholojia hatufundishwi darasani, ingawa ndiyo inayotuhusu zaidi.

Nianze na majirani, kwa sababu kwao hesabu inafanyika waziwazi. Kenya ina HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mwanafunzi hukopeshwa kwa riba ya asilimia 4, hupewa mwaka mmoja wa kupumua baada ya masomo, kisha hutakiwa aanze kulipa, na akichelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Tanzania ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyotokana na sheria ya mwaka 2004. Tangu 2016 mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi badala ya asilimia 8 ya awali, na palikuwa pia na tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia aliifuta mwaka 2021. Mtu anaweza kuzilalamikia bodi hizi, na wengi wanazilalamikia. Lakini mhitimu wa sosholojia wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kukaa na karatasi, akaandika deni kushoto na mshahara kulia, akajua amesimama wapi.

Uganda mambo ni tofauti. Bodi yetu ya kufadhili wanafunzi wa elimu ya juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, na tangu mwanzo mikopo yake ya shahada iliwekwa kwa ajili ya masomo ya sayansi na teknolojia. Sosholojia haimo. Kwa hiyo katika vitabu vya bodi mimi na wenzangu wa darasani tunadaiwa sifuri. Mtu akichukua takwimu za bodi peke yake ataandika kwamba mhitimu wa sosholojia Uganda anaanza maisha bila deni, na kwamba mwenzake wa uhandisi ndiye mwenye mzigo.

Hoja yangu katika insha hii ni kwamba sifuri hiyo ni ya uongo. Deni la shahada ya sosholojia lipo, na limekuwapo tangu sosholojia ianze kusomwa katika kilima cha Makerere. Kilichobadilika mara kwa mara ni mtu anayelibeba na mahali linapoandikwa. Kwanza lilibebwa na dola ya kikoloni, halafu na taifa jipya, halafu na mzazi. Leo linabebwa na familia nzima na haliandikwi popote ambapo mtafiti angelitafuta.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Karibu na wakati huohuo ilipatikana Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, na mwaka 1950 Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, akawa mkurugenzi wake. Kazi moja inayokumbukwa ya taasisi hiyo ni utafiti juu ya wahamiaji waliokuja Buganda kutoka Rwanda, Burundi na kwingineko kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, uliochapishwa mwaka 1954 chini ya uhariri wa Richards. Nyingine ni ile ya Aidan Southall na Peter Gutkind ya mwaka 1957 kuhusu maisha ya watu wa Kampala na vitongoji vyake. Ukizisoma leo unaona kirahisi ni nani alikuwa mnunuzi. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua vibarua wanatoka wapi, wanalala wapi, na miji itakuwaje wakizidi. Fedha zilitoka London. Waafrika walikuwa zaidi wasaidizi: wakalimani, waulizaji wa maswali, watu wa kujua njia.

Sisemi haya ili kuwashutumu waanzilishi. Nataka tuone jambo moja, kwamba sosholojia haikuingia Afrika Mashariki kama somo la anasa lisilo na mteja. Iliingia ikiwa na mteja mkubwa kuliko wote, yaani dola.

Baada ya uhuru mteja alibadilika jina. Mwaka 1963 Makerere iliunganishwa na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Serikali mpya zilihitaji watu wa kushika ofisi walizoacha Waingereza, na wahitimu walikuwa wachache mno kiasi kwamba kazi ilikuwa ikimsubiri mtu kabla hajamaliza mtihani. Okot p'Bitek, ambaye wengi wetu tunamjua kwa ushairi tu, alifundisha katika idara ya sosholojia Makerere miaka hiyo. Ada, chumba, chakula, hata posho ya matumizi, vyote vililipwa na serikali. Wazee waliosoma wakati huo hutusimulia habari za kanzu nyekundu na meza zilizoandaliwa, nasi tunasikiliza kama watu wanaosikia habari za peponi.

Je, hawakuwa na deni? Walikuwa nalo, na kwa maoni yangu lilikuwa deni zito kuliko la benki, kwa sababu halikuwa na kiasi. Aliyelieleza vizuri zaidi ni Mwalimu Nyerere. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti. Hapa mkopeshaji ni kijiji, mkopo ni chakula, na malipo ni kazi.

Deni hili lilipotakiwa kulipwa kwa fedha taslimu, palitokea ugomvi. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga. Nyerere alikasirika, akawafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hiki kwa kawaida hufundishwa kama somo la uzalendo. Mimi nakisoma pia kama kisa cha fedha. Ni mara ya kwanza katika eneo letu, kadiri ninavyoona, ambapo serikali na wanafunzi waligombana hadharani juu ya swali la mjomba: shahada hii inakulipa kiasi gani, na nani ana haki juu ya malipo hayo? Serikali ilisema asilimia 60 ya mshahara wa miezi 18 ni ya taifa. Makato ya leo ya asilimia 15 huko Tanzania yana babu yake hapo.

Uganda hatukufika kwenye mabishano ya namna hiyo kwa sababu nchi ilianguka kabla. Makerere ikawa chuo kikuu cha taifa tarehe 1 Julai 1970, na miezi saba baadaye Idi Amin alikuwa Ikulu. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa habari zake zinajulikana. Kwa hoja yangu inatosha kusema kwamba kufikia miaka ya 1980 mshahara wa serikali ulikuwa umeliwa na mfumuko wa bei kiasi kwamba mhadhiri hakuweza kulisha nyumba yake kwa mshahara huo. Wahadhiri walilima, walifuga kuku, walifundisha hapa na pale. Serikali ilikuwa bado inalipia shahada, lakini shahada ilikuwa haimlipi tena mtu yeyote.

Na ndipo ikaja hesabu. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu bila kuelewa hesabu hii hatuwezi kuelewa kwa nini leo tunaulizwa maswali tunayoulizwa.

Mwaka 1986 Benki ya Dunia ilitoa kitabu juu ya namna ya kugharimia elimu katika nchi zinazoendelea. Mmoja wa waandishi wake alikuwa mchumi George Psacharopoulos, aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kile kinachoweza kuitwa kiwango cha faida ya elimu. Njia yake ni rahisi kueleza. Chukua mapato ya mtu mwenye shahada katika maisha yake yote, toa mapato ya mtu aliyeishia sekondari. Tofauti hiyo ndiyo mavuno. Kisha tazama gharama: ada, na mishahara ambayo mwanafunzi aliikosa alipokuwa darasani. Linganisha mavuno na mbegu, utapata asilimia, kama vile benki inavyokuambia riba. Ukihesabu gharama za mwanafunzi peke yake unapata faida yake binafsi. Ukiongeza na zile zilizolipwa na serikali unapata faida ya jamii. Majibu yaliyotoka kwa Afrika yalisema kwamba faida ya jamii ni kubwa zaidi katika shule ya msingi, na kwamba chuo kikuu kinamnufaisha zaidi mwenye shahada kuliko jamii. Kwa hiyo alipe mwenyewe. Mwaka huohuo, katika mkutano na wakuu wa vyuo vikuu uliofanyika Harare, watu wa Benki walifika mahali pa kusema kwamba elimu ya juu kwa Afrika ni anasa. Mahmood Mamdani na wengine wamekuwa wakiirudia habari hiyo tangu wakati ule.

Hesabu yenyewe haina kosa la kujumlisha. Kosa lake liko kwenye kipimo. Inachukulia kwamba mshahara wa mtu ni kipimo cha thamani anayoizalisha. Lakini katika Uganda ya 1986, ni nani aliyepanga mshahara wa mwenye shahada? Ni serikali, kwa madaraja iliyoyarithi kwa Waingereza, katika sarafu iliyokuwa inayeyuka mkononi. Mshahara huo haukusema lolote juu ya thamani ya daktari wala ya mwanasosholojia. Halafu kuna yale yasiyoonekana kwenye hati ya malipo. Mtu aliyeandika ripoti iliyozuia fedha za mradi kuibwa, au aliyegundua kwa nini akina mama wa kijiji fulani hawaendi kliniki, mchango wake unaingia kwenye mfuko wa watu wengine. Benki yenyewe ililikubali jambo hili baadaye. Mwaka 2000 kikosi kazi kilichoitishwa na Benki pamoja na UNESCO kilitoa ripoti kuhusu elimu ya juu katika nchi zinazoendelea, na ripoti hiyo ilisema wazi kwamba hesabu za namna ile zilikuwa finyu. Lakini wakati huo miaka 14 ilikuwa imepita, na sisi tulikuwa tumeshabadilisha kila kitu.

Mabadiliko yenyewe yalikuja hivi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti mwaka 1989 na kupendekeza wanafunzi wa vyuo vikuu wachangie gharama. Posho zikaanza kuondolewa. Wanafunzi wakagoma. Desemba 1990 polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Makerere, wawili wakafa, na chuo kikafungwa. Nimewahi kuwauliza wenzangu watano hosteli kama wanalijua tukio hili. Mmoja tu ndiye aliyelisikia, tena kwa baba yake. Ni ajabu. Tunalipa ada kila muhula bila kujua kwamba kuna watu waliokufa katika ugomvi wa nani azilipe.

Mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, kwanza katika masomo ya jioni ya sheria na biashara, kisha karibu kila mahali. Kabla ya muongo huo kwisha, wa kujilipia walikuwa wamewazidi wa serikali kwa mbali. Nje ya nchi jambo hili lilisifiwa kama muujiza wa chuo kilichojiokoa. Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mageuzi hayo, alilitazama kwa jicho kali zaidi: vitivo vilishindana kubuni kozi za kuuza, madarasa yakafurika, na kozi zenye uwezo wa kupokea watu wengi kwa gharama ndogo zikawa ng'ombe wa maziwa.

Lazima niwe mkweli hapa. Masomo ya jamii yalikuwa miongoni mwa ng'ombe hao. Hayahitaji maabara. Yanahitaji ukumbi, chaki na mhadhiri mwenye sauti. Kwa hiyo ile kauli kwamba wahitimu wa masomo ya jamii wamekuwa wengi kuliko kazi haikutoka hewani. Chuo kilituzidisha kwa sababu kilihitaji ada zetu. Wanaotucheka kwa wingi wetu wangepaswa kuuliza pia ni nani aliyefaidika na wingi huo.

Wakati huo, lakini, kazi zilikuwapo. Katiba ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 zilipeleka madaraka wilayani, na wilaya zikahitaji maofisa wa maendeleo ya jamii hadi ngazi ya gombolola, kazi inayomfaa hasa mtu wa sosholojia au ustawi wa jamii. Ukimwi ulileta mashirika. Vita vya kaskazini vilileta mashirika mengine. Mashirika hayo yalihitaji watu wa kufanya tathmini, kuendesha vikundi, kuandika ripoti. Mteja wa sosholojia akawa mfadhili wa nje, na kwa kweli alilipa vizuri kuliko serikali. Wahadhiri wetu wa leo ni watoto wa kipindi hicho, na nadhani ndiyo maana wanatuambia tusiwe na wasiwasi.

Kisha serikali ikaamua kuchagua upande. Kuanzia mwaka wa masomo 2005/06 takriban robo tatu ya nafasi za udhamini wa serikali vyuoni, ambazo ni kama 4,000 kwa mwaka, zilielekezwa kwenye sayansi. Sheria, biashara, lugha, historia, uchumi na sosholojia zikabaki kugombea robo. Mwaka 2014 bodi ya mikopo ikaja, nayo ikafuata njia hiyohiyo. Rais Museveni amesema mara nyingi hadharani kwamba masomo ya sanaa hayana faida kwa taifa. (Yeye mwenyewe alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970 katika uchumi na sayansi ya siasa. Nalitaja tu.) Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa, wa shahada hiyohiyo na shule hiyohiyo, akibaki karibu na milioni moja. Juni mwaka huo walimu wa sanaa waligoma.

Tuiangalie tena ile hesabu ya 1986 kwa mwanga wa 2022. Mwalimu wa fizikia hakuanza kufundisha vizuri mara nne zaidi usiku wa kuamkia Julai. Kilichopanda ni uamuzi wa serikali. Mtu akifanya leo utafiti wa mapato ya wahitimu Uganda, akakuta sayansi inalipa kuliko sanaa, atakuwa kwa sehemu kubwa amepima sera, kisha sera hiyohiyo itatumia matokeo yake kujitetea. Huu ni mduara, na ni wa hatari kwa kuwa umevaa tarakimu.

Wapo wanaosema, na nimewasikia hata katika mdahalo wetu wa idara, kwamba bodi ina haki. Fedha ya mikopo ni chache, mkopaji wa sosholojia ana nafasi ndogo ya kupata kazi ya mshahara, kwa hiyo hatalipa, na fedha itapotea. Ni hoja nzito na sitaipuuza. Mkopeshaji mwenye busara hutazama uwezo wa kulipa. Lakini hoja hiyo inaeleza tu kwa nini serikali imekataa kubeba hatari. Haisemi hatari imekwenda wapi. Kutokopeshwa hakukutuzuia kwenda chuoni. Tulikwenda, kwa maelfu, na mtu fulani alilipa.

Ni nani huyo? Kwa kawaida ni mzazi mwenye mshahara mdogo aliyechukua mkopo wa benki, au mkulima aliyeuza kitu. Riba za mikopo ya benki nchini kwetu zimekuwa zikizunguka asilimia 20 kwa mwaka kwa miaka mingi. Tufanye mfano. Mwalimu wa shule ya msingi anakopa shilingi milioni 5 kwa ajili ya ada ya mtoto, alipe kwa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 20. Kila mwezi atakatwa kama shilingi 186,000, na mwisho atakuwa amelipa riba ya karibu milioni 1.7. Kiasi hichohicho, kwa muda huohuo, kikitozwa asilimia 4 ya HELB, riba yote haifiki shilingi 320,000. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kusoma somo lisilo kwenye orodha. Tena makato yanaanza mwezi unaofuata, mtoto akiwa bado mwaka wa kwanza. Hakuna mwaka wa kupumua. Na jina lililo kwenye mkataba si la mwanafunzi.

Mwaka 2018 Makerere iliweka utaratibu wa kupandisha ada kwa asilimia 15 kila mwaka kwa wanaoingia. Oktoba 2019 wanafunzi, wasichana wakiwa mbele, waliandamana kuupinga, na askari wakaingia mabwenini. Baadhi ya watu waliuliza mbona kelele nyingi kwa asilimia 15. Kwa familia inayokopa kwa asilimia 20, nyongeza hiyo nayo inakopwa.

Wanaouza ardhi hawamo hata kwenye takwimu za benki. Kijijini kwetu mauziano ya shamba huandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi huweka sahihi au dole gumba, na mwenyekiti wa LC1 hugonga muhuri. Nakala moja hubaki kwake. Mwaka jana nilimwomba mwenyekiti wetu anionyeshe mafaili yake, nikiwa na wazo la kuandika juu ya mipaka ya mashamba. Mzee ni mwema, akanitolea boksi lote. Sikuandika juu ya mipaka. Karatasi nyingi zilikuwa zimetaja sababu ya kuuza, ingawa sheria haitaki sababu, na sababu zilikuwa chache: ugonjwa, mahari, msiba, karo. Sikuzihesabu kwa utaratibu, kwa hiyo sitatoa idadi, ila karo ilirudi mara nyingi kiasi cha kunifanya nifunge boksi na kukaa kimya. Mojawapo ilikuwa ya baba yangu. Migomba kiasi cha robo eka, upande wa chini karibu na kijito. Tarehe yake ni wiki mbili kabla ya muhula wangu wa kwanza. Nilijua shamba liliuzwa. Sikujua kwamba liliandikwa kwa jina la kozi yangu.

Nadhani hapo ndipo historia ya deni la shahada Uganda inapaswa kutafutwa. Kumbukumbu za bodi zitatueleza habari za wahandisi. Habari zetu ziko kwenye maboksi ya wenyeviti wa vijiji, kwenye vitabu vya vyama vya akiba na mikopo, na kwenye vichwa vya mama zetu wanaokumbuka mbuzi gani ililipa muhula gani. Hivi ni vyanzo vya historia kama vilivyo vyanzo vingine. Isitoshe, kuvisoma kunahitaji ujuzi uleule unaosemwa hauna faida: kujua nani ana haki gani juu ya ardhi, kujua ukoo unavyogawana mzigo, kujua kwa nini shahidi fulani aliitwa na mwingine akaachwa.

Upande wa mshahara nao haujatulia. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limekwisha. Miradi ya afya na maendeleo iliyowaajiri watangulizi wetu ilifungwa au ilipunguza watu. Mteja wa tatu wa sosholojia, baada ya dola ya kikoloni na taifa jipya, anaondoka mbele ya macho yetu. Wakati huohuo serikali inaendesha Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Februari 2022, wa shilingi milioni 100 kwa kila parokia, fedha zinazopitia vikundi vya watu wanaojuana, wanaodaiana na wanaooneana wivu. Ni vigumu kufikiria mpango unaohitaji zaidi mtu aliyesomea vikundi. Kama serikali itamlipa mtu huyo kiasi gani, hilo litaamuliwa kama lilivyoamuliwa la walimu wa fizikia.

Mwezi wa nane mjomba aliniuliza tena. Safari hii nilimjibu kwa tarakimu: mshahara wa ofisa wa gombolola ukoje, mkopo wa mama umebaki miezi mingapi, robo eka ile ingeuzwa bei gani leo. Akaacha gurudumu, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia nimesahau kitu kimoja. Mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima baada ya kidato cha sita, akingoja mimi nifike mwaka wa pili ndipo zamu yake ianze. "Huo mwaka wake," akauliza, "umeuandika upande gani?"